Kondoo Aliyelia

Nilikuwa darasa la tatu mwaka ambao mama alibeba mimba ya mdogo wangu, na kondoo wetu nao karibu wote walikuwa na mimba. Kwetu ni ng'ambo ya Ilongero, kwenye mteremko wenye mawe makubwa ambayo mtoto anaweza kujificha nyuma yake kutwa nzima asionekane. Baba alilima alizeti na uwele. Kondoo walikuwa wa bibi, mama yake baba, ambaye alianza na wawili alioachiwa na babu, na hakuna aliyethubutu kuchinja hata mmoja bila yeye kukubali.

Walizaa mvua zikishakolea, majani yakiwa yamejaa. Kwa watoto wa jirani huo ulikuwa wakati wa raha, maana kila asubuhi waliamka na kukuta mwanakondoo mpya wa kuchezea. Mimi mwaka ule niliuogopa kuliko kitu chochote, na aliyenitia hofu ni bibi, bila yeye kujua.

Kondoo huzaa kimya. Mbuzi akizaa kijiji kizima kinapata habari, lakini kondoo hujitenga pembeni, anakwaruza chini kwa kwato, analala, anasukuma, na wewe unashtukia mtoto yuko chini anatikisa masikio. Siku moja tukichambua mlenda, bibi alinieleza kwamba kondoo aliumbiwa kunyamaza. Ndiyo maana, alisema, kondoo akilia wakati wa kuzaa si kwa ajili ya mtoto wake. Anamwita mtu wa nyumba ile. Atakayesikia na kuitika ndiye atakayeondoka, na mwenye mimba ndiye husikia upesi kuliko wote, kwa sababu masikio yake yako wazi.

Alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu anayeeleza kwa nini mtama hupandwa mapema. Alikuwa ananijibu tu, maana nilikuwa nimemuuliza kwa nini mama amekatazwa kukaribia zizi. Lakini niligeuka nikamwangalia mama. Alikuwa amekaa mlangoni, amenyoosha miguu iliyovimba hadi ndala pekee zilizomtosha zilikuwa za baba. Dirisha la chumba chake lilitazama zizi.

Tangu hapo nikitoka shule nilipitia zizini kwanza, hata sare sijavua. Nilikuwa najua kila kondoo aliyezaa na kila aliyebaki. Wengi walizaa kimya, na kila mmoja alipomaliza nilihisi kama mzigo umeshushwa kichwani kwangu. Mwishoni akabaki mmoja, jike mzee mwenye doa jeusi kwenye jicho la kushoto, aliyenenepa mno hata akawa anatembea kwa kuyumba.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Baba alikuwa amekwenda mashineni kusaga. Mama alikuwa amelala ndani kwa sababu ya mgongo. Bibi alikuwa bondeni anapalilia alizeti, na aliponiacha alinipa agizo moja tu: nikimwona yule kondoo mzee anakwaruza chini, nikimbie kumwita.

Alianza kukwaruza, na sikukimbia. Niliwaza kwamba nikiondoka na yeye akalia, mama atasikia na mimi sipo. Sikujua kama ningekuwepo ningefanya nini, lakini miguu ilikataa kutoka. Nikasimama kwenye miiba ya uzio namwangalia. Chupa ya uzazi ikatoka, ikapasuka. Ukatoka ukwato mmoja, mdogo, wa rangi ya manjano. Kisha hapakuwa na kingine. Akasimama, akalala, akasimama tena, na ule ukwato ukawa unatoka kidogo na kurudi ndani. Jua lilihama kutoka juu ya paa likafika kwenye mawe.

Ndipo akalia.

Ilikuwa sauti nzito na fupi, ya mtu aliyechoka anayeita kutoka mbali. Niliruka uzio. Nilimkalia shingoni, nikavua kanga niliyojifunga, nikaizungusha mdomoni kwake na kuivuta kwa nguvu zangu zote. Alipapatika. Nilikuwa nikimwambia anyamaze, tafadhali anyamaze, naye aliendelea kulia ndani kwa ndani, nikaisikia sauti ikipita kwenye magoti yangu. Sikutambua kwamba nilikuwa nimemziba na pua. Baada ya muda akalegea, shingo ikawa nzito, na mimi nikashukuru kwamba amenielewa. Nikikumbuka siku ile, hapo ndipo mwili unaposisimka hadi leo. Kiumbe kilikuwa kinakufa mikononi mwangu na mimi nilikuwa na furaha.

Bibi alitokea huku jembe likiwa begani. Nadhani aliona nimechelewa akaja mwenyewe. Hakupiga kelele. Aliingia, akaitoa mikono yangu kidole kwa kidole, akaifungua ile kanga. Kondoo alivuta pumzi ndefu, halafu akalia kwa sauti mara tatu mfululizo. Niliziba masikio yangu, kana kwamba hilo lingesaidia.

"Anamwita mama," nikamwambia bibi.

Bibi alitazama dirishani. Pazia lilikuwa limetulia. Akachuchumaa kwenye samadi, akamfuta yule kondoo macho kwa kiganja, akainama sikioni mwake. Alisema kwa Kinyaturu, kwa sauti ileile aliyomjibia jirani aliyebisha hodi uani:

"Nimesikia. Ni mimi niliyeitika. Yule wa ndani amelala, mwache alale."

Kisha akanituma mafuta ya alizeti jikoni, upesi.

Vidole vya bibi vilikuwa vimekakamaa kwa miaka ya jembe, havikuweza kuingia ndani ya kondoo. Akaupaka mkono wangu mafuta hadi kwenye kiwiko na kuniambia niingie polepole, nifuate shingo ya mtoto hadi begani, niutafute mguu uliokunjika. Ndani kulikuwa na joto nisilolitarajia, na kila kondoo aliposukuma mkono wangu ulibanwa hadi nikataka kulia. Niliupata mguu umerudi nyuma. Bibi aliniambia niufunike ukwato kwa kiganja usije ukamchana, niuvute mbele taratibu, nisubiri, nivute tena. Kondoo alikuwa analia kila mara na hakuna aliyemzuia.

Mtoto alitoka ghafla, amelegea kama kitambaa kilicholowa. Bibi alimtoa ute mdomoni, akampekecha puani kwa kijiti cha jani, akamsugua mbavu kwa nyasi. Mtoto akapiga chafya.

Bibi alinawa mikono. Aliniambia ya leo nisimweleze mama. Mwenye mimba akiogopa, hofu hukaa na mtoto.

"Na wewe, bibi?" nilimuuliza.

Akasema magugu hayajaisha, akachukua jembe akarudi bondeni.

Siku zilizofuata sikumwacha mama atoke machoni pangu. Bibi hakunisumbua sana mawazoni. Nilikuwa mtoto, na sikuamini kwamba kitu kinachoita watu kinaweza kudanganywa kirahisi hivyo. Uchungu ulipomshika mama, asubuhi moja ya mvua, baba alitafuta gari la jirani wakaenda hospitali ya mjini. Gari lilipopita kona nilikwenda nyuma ya mawe nikatapika. Tulikaa siku mbili bila habari, simu ya baba imeisha chaji. Siku ya tatu mama akashuka kwenye gari kwa miguu yake, amebeba mtoto wa kiume. Niliishika miguu yake, iliyokuwa imeanza kupungua uvimbe, na alicheka akaniuliza nina nini.

Bibi alifariki tukiwa tunapiga alizeti, msimu huohuo.

Watu walisema ni umri. Nilisimama katikati ya akina mama waliokuwa wanalia na sikutoa chozi. Nilijua aliyemwita, na nilijua aliyechelewesha mambo hadi akaitwa. Kama ningekimbia nilivyoagizwa, kondoo angesaidiwa mapema na asingelia. Hilo nilitembea nalo shuleni, sekondari, hadi nikaolewa. Mtu akiniita kwa jina kutoka mbali nilikuwa sijibu mpaka aite mara ya pili, na mume wangu alidhani nina kiburi.

Mwaka jana nilijifungua, na mama akaja mjini kunilea uzazi. Adhuhuri moja akimwogesha mtoto kwenye beseni, nilimweleza yote, kuanzia mlenda hadi kanga. Hakuacha kuogesha.

"Bibi yako alikuwa mgonjwa tangu kiangazi cha kabla," alisema. "Alikuwa na uvimbe tumboni, na daktari alimwambia hautibiki tena. Alitukataza tusiwaambie watoto."

Nilimuuliza kama bibi aliyaamini kweli yale mambo ya kondoo.

"Aliyaamini kuliko sisi wote," mama akasema, akaniomba taulo.

Nimeliwaza jibu hilo mara nyingi. Kama bibi asingeamini, maneno yake yangekuwa ya kumtuliza mtoto tu, na yangekuwa mazuri hata hivyo. Lakini aliamini. Alijua anaondoka, na akaona safari yake inaweza kutumika: akiitika yeye, mwingine hataguswa. Kwa mtu anayeamini, hicho si kitu kidogo, hata kama siku zake zilikuwa zimeshapungua. Huenda alizitoa siku alizokuwa bado anazo.

Sikuwahi kufikiri kwamba naye aliogopa. Sasa naona alipotazama lile dirisha alikuwa na hofu ileile niliyokuwa nayo, ila yeye hakuniachia niibebe. Alichosahau ni kwamba nilikuwa nimesimama pale nasikia. Kwa hilo ninamkasirikia wakati mwingine, hasira isiyo na nguvu, kisha ninamkumbuka sana.

Kama kondoo huita watu au la, sijui, na nimeacha kutafuta jibu. Binti yangu ameanza kusimama. Nitampeleka nyumbani mvua zijazo aone kondoo wanavyozaa, na mmoja akilia nitamwambia anaumwa, twende tukamsaidie.