Fundi Baridi na Chupa Niliyoiosha

Mkwe wangu mtaani wanamwita Fundi Baridi. Jina hilo alipewa na wenye bucha, kwa sababu kabla hajaanza kushika magari alikuwa akitengeneza majokofu yao, na wao ndio waliokuwa wakimkimbilia nyama zikianza kunuka. Mimi kwa miaka kumi na tisa nilimwita "fundi" tu, kama mtu aliyekuja kurekebisha bomba na ataondoka jioni. Nayaandika haya nikiwa na akili zangu timamu. Darasa la saba nilimaliza wa pili, na mpaka leo naweza kukutajia nani alikaa dawati gani, kwa hiyo nikisema jambo lilikuwa hivi, lilikuwa hivi.

Siku ya kwanza binti yangu alipomleta nyumbani, alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Lakini kucha zake zilikuwa na ule weusi usiotoka. Nilizitazama kucha, nikavitazama viti vyangu vyenye vitambaa nilivyofuma kwa mkono wangu, nikachukua gazeti nikalitandaza kwenye kiti kabla hajakaa. Binti yangu alitamani ardhi ipasuke immeze. Yeye alisema, "Asante mama," akakaa juu ya gazeti kana kwamba wageni wote hukaribishwa hivyo.

Mimi nilitaka mkwe wa kola safi, mtu wa mezani. Walipoondoka, mume wangu, ambaye maisha yake yote alikuwa mpima ardhi wa serikali, aliniambia, "Mke wangu, huyo kijana hujampima. Umepima kucha."

Tangu siku ile, kila akija kwangu, Fundi Baridi hulichukua gazeti mwenyewe kwenye meza ya redio, hulitandaza, ndipo akae. Hajawahi kusahau, wala hajawahi kusema neno. Ukitaka kumjua mtu huyu, anzia hapo.

Kazi alifundishwa na mzee mmoja aliyekuwa kiziwi. Mzee alishika spana, yeye akashika sikio. "Inasemaje?" mzee angeuliza, na kijana angemwonyesha kwa mikono: inakohoa, inasaga meno, inapumua vizuri. Miaka sita alikuwa masikio ya mtu mwingine. Mpaka leo hafungui kitu kabla hajakiinamia akasikiliza, na watu wasiomjua hudhani anaswali.

Ana tabia nyingine iliyokuwa ikinichekesha. Akifungua bomba lolote la gesi ya baridi, hata kama anakwenda kunywa maji tu, hulivika mfuko wa nailoni mdomoni na kulifunga kwa mpira. Ukiingia kwenye banda lake la mabati utaona mabomba yamevaa kofia kama watoto wachanga. Nikimuuliza, anajibu, "Hewa ina maji, mama."

"Basi toa ndoo tukinge," nilikuwa nikimwambia. Naye anacheka kwa adabu.

Sasa nije kwenye pikapu. Ni ya mume wangu, aliipata siku zile akienda porini na vyombo vyake vya kupimia. Ilikuwa nyeupe. Kiti chake ni kimoja kirefu, watu watatu wanakaa bega kwa bega, na kioo cha upande wa abiria hakijateremka tangu mjukuu wangu mkubwa akiwa tumboni. Baridi yake, yaani kiyoyozi, ilikufa zamani, nasi tukazoea.

Kisha moyo wa mzee wangu ukaanza kuchoka. Miguu ikavimba, ngazi tatu za mlangoni zikawa mlima. Kwenye hospitali kubwa huja daktari wa moyo, mara moja kwa miezi minne, na kufika huko ni safari ya saa saba, tano kati ya hizo kwenye bonde lenye joto la tanuri. Safari iliyotangulia hatukufika. Katikati ya bonde mume wangu alinilalia begani, nikadhani amesinzia, kumbe amezimia. Tulimlaza chini kando ya barabara, binti yangu akimmwagia maji kifuani, mimi nikimpepea kwa cheti cha hospitali. Alipofumbua macho tukageuza. Daktari akaja, akaondoka, hatukumwona.

Nikasema safari hii tukodi gari zuri. Mzee akakataa katakata. "Nife kwenye kiti nisichokijua? Nipelekeni kwa pikapu yangu au niacheni nilale."

Fundi Baridi alikuwa kwenye gazeti lake, anasikiliza. Akasema, "Baba, nitaitia baridi. Alhamisi ya daktari itakukuta umejifunika."

Ile mashine inayosukuma gesi, kompresa, ilikuwa imesagika ndani. Alinionyesha unga wa chuma uliotoka kwenye bomba, mweusi unaometameta. "Nikiweka mpya bila kuondoa huu unga, mama, itaula na itakufa kama ya kwanza." Kwa hiyo akaagiza kompresa, na ule wavu wa mbele unaopozea gesi, na mipira midogo ya kwenye maungio, na kitu kimoja kinaitwa draya, yaani chupa ya bati nene, urefu wa kiganja na nusu, yenye vizibo viwili vya plastiki juu. Kwa kuwa gari ni la zamani, vitu vilikuja kwa wiki tatu. Jumatatu ya wiki yenyewe ya daktari ndiyo vilifika.

Jumanne asubuhi alianza kazi uani kwangu. Alifungua, akasafisha mabomba kwa dawa, akayavika kofia zake. Saa sita akaitwa bucha moja, jokofu limezima. Akaniambia, "Mama, nakuachia vitu vyangu barazani," akaenda.

Nilivitazama. Vilikuwa kwenye maboksi yao, isipokuwa ile chupa. Boksi lake lilikuwa limeraruka njiani, imejaa vumbi na alama za vidole. Nami nilikuwa nimemtazama mkwe wangu asubuhi nzima akilala chini ya gari la mume wangu, jasho linamtiririka, hajaomba hata chai. Moyo ulinisuta. Nikataka nami nifanye kitu, cha kimyakimya, kama afanyavyo yeye. Nyumba yangu inajulikana kwa usafi mtaa mzima. Nikachukua chupa, nikang'oa vile vizibo, nikamimina maji ya moto na sabuni, nikatikisa, nikasuuza mara tatu mpaka povu likaisha. Nikaianika juani kichwa chini. Ilipokauka nje nikaipangusa kwa kitambaa, nikarudisha vizibo, nikaiweka mahali pake inang'aa kama kikombe cha wageni. Nilijisikia vizuri sana.

Jumatano asubuhi alikuja mapema. Nilikuwa napepeta mchele hapo barazani, mume wangu kwenye kiti chake cha kamba. Fundi Baridi alifunga kompresa, akafunga wavu. Chupa akaiacha ya mwisho. Alipoinyanyua, akasimama. Akaipima mkononi. Kisha akaiweka sikioni, akaitikisa taratibu, na uso wake ukabadilika.

"Kuna nini?" mzee akauliza.

"Ina maji, baba."

"Maji si mazuri?"

"Ndani yake kuna mawe madogo, kama chembe za chumvi. Kazi yake ni kunywa unyevu wote uliobaki kwenye mabomba. Haya yameshakunywa, yameshiba. Tone moja likifika kwenye tundu la gesi linaganda, na baridi imekwisha. Hapo hapo bondeni." Akafuta mikono. "Hata ukiianika mwezi mzima, haifai tena."

Niliacha kupepeta. Kumbe maneno yale ya hewa ina maji hayakuwa kichekesho.

Akatoa simu akampigia mwenye duka la spea. Ni rafiki yake wa miaka mingi, mtu mnene mwenye kicheko. Hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ndugu yangu, umeniangusha. Umenipa chupa iliyofunguliwa, na kesho nampeleka mzee."

Nilimsikia yule mtu kwenye simu akiapa. "Naapa kwa kaburi la mama yangu, imetoka kwangu na vizibo vyake!"

"Miaka yote hii sijawahi kukudai neno," mkwe wangu akasema. "Leo nakuja na chupa yako mkononi." Akakata. Akachukua ufunguo wa pikipiki.

Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyeniona, na sabuni haina mdomo. Niliutazama ungo wangu. Kisha nikamtazama mtu huyu ambaye hajawahi kunikosea, anakwenda kuvunja urafiki wake kwa ajili ya usafi wangu. Nikajikaza kisabuni.

"Fundi, ngoja. Si yeye. Ni mimi."

"Ni wewe nini, mama?"

"Niliiosha."

"Uliosha nini?"

"Hiyo chupa. Ilikuwa na vumbi. Kwa maji ya moto na sabuni. Nikaisuuza mara tatu."

Kisha mume wangu akaangua kicheko. "Mara tatu! Mwacheni mke wangu! Angalau tutaharibikiwa na kitu kisafi!" Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, na kikohozi kikakataa kumwachia. Alijikunja, midomo ikawa ya rangi nisiyoipenda. Tulimshika huku na huku mpaka pumzi iliporudi. Hapo hakuna aliyecheka tena. Kesho ilikuwa Alhamisi, na baada ya Alhamisi miezi minne.

Fundi Baridi aliketi kwenye ngazi ya baraza, bila gazeti. Nilingoja anitukane, na ningestahili. Akainua simu tena.

"Ndugu yangu, nisamehe. Chupa yako ilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyeiacha ovyo, kosa ni langu." Akasikiliza. "Nitukane tu, unayo haki. Ukimaliza niambie, una chupa yoyote mpya, iliyofungwa? Ya gari lolote lile. Hata ya lori."

Yule mtu alituma ya gari jingine kabisa, fupi, nene, midomo yake imetazama kwingine. Mkwe wangu aliivika mfuko hata kabla ya kuitoa vizibo. Akakata kipande cha bomba, akakipinda kwa goti, akakichomelea mdomo mpya bandani kwake, akarudi nacho kimevaa kofia. Kishikio akakitengeneza kwa bati la debe la mafuta. Saa tisa alasiri kila kitu kilikuwa kimefungwa, na mashine yake ndogo ikaanza kunyonya hewa yote kutoka kwenye mabomba, ikinguruma uani kama paka mzee.

Aliposimamisha mashine akaniita. "Mama, njoo nikupe kazi."

Akanionyesha kisaa chenye mshale. Mshale ulikuwa umelala chini kabisa. "Sasa ndani hakuna kitu, hata hewa. Kama kuna tundu popote, huu mshale utapanda. Ukae hapa saa nzima uutazame. Ukisogea hata unywele, niite. Mimi macho yangu yamechoka, sitayaamini. Yako nayaamini."

Palikuwa na kigoda chake, cheusi kwa mafuta. Aliona nakitazama. Akaenda haraka ndani, akarudi na gazeti kutoka meza ya redio, akalitandaza juu ya kigoda vizuri, pembe kwa pembe.

Nililitazama lile gazeti. Nikaliondoa. Nikakaa kwenye mafuta na gauni langu la maua, na gazeti nikalikunja nikajipepea nalo, maana jua lilikuwa kali. Yeye akaenda kulala kidogo kivulini, mikono kifuani.

Sijawahi kutazama kitu kama nilivyoutazama mshale ule. Binti yangu alipita akitoka kazini akanisalimia, nikamwinulia kidole tu. Jirani akanyoosha shingo ukutani, "Bibi, umeajiriwa?" Nikamjibu bila kugeuka, "Ndiyo, na usinipotezee kazi." Saa ilipotimia mshale ulikuwa pale pale. Nikamwita. Akautazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akatia gesi. Akawasha gari, akainama akasikiliza. "Inapumua," akasema.

Alhamisi tulitoka kukipambazuka. Fundi Baridi kwenye usukani, mimi katikati, mzee dirishani kwa kile kioo kisichoteremka. Tulipoingia bondeni jua lilikuwa limeshapanda, na nje ungeona barabara ikitetemeka kwa joto. Mzee aliweka kiganja kwenye tundu la hewa. "Ala! Mnanipeleka hospitali au mnanipeleka bucha?" Akavuta mtandio wangu, akajifunika mpaka kidevuni.

Daktari alimwona siku ile ile, akambadilishia dawa, na mzee bado ananisumbua mpaka leo. Lakini ninachokumbuka zaidi ni mahali pale tulipomlaza chini safari ile. Nilipajua kwa jiwe lenye rangi nyeupe la kilomita. Tulilipita, naye amenilalia begani tena, safari hii anakoroma.

Nikasema polepole, nisimwamshe. "Punguza baridi kidogo, mwanangu."

Akapunguza.