Nani Alimbeba Baba

Darasa lilikuwa na harufu ya ukuta uliolowa. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, bati lilikuwa linavuja upande wa ubao, na chokaa ilikuwa imeanza kutoa ile harufu ya udongo na kutu ambayo mtu aliyekulia Kirumba, kule bondeni karibu na soko la samaki la Mwaloni hapa Mwanza, haisahau. Niliivuta mara moja tu, hapo hapo nikawa mtoto wa darasa la tano, nimekasirika.

Ingawa kukasirika nilikuwa nimeshaanza.

Nilikuwa nimealikwa katika shule moja ya msingi huko Kiseke, nizungumze na watoto waliosoma kitabu changu, hadithi ya msichana aliyeishi kando ya ziwa zamani za Wajerumani. Nawapenda watoto. Nawaandikia wao. Lakini ukitaka kujua subira yako inaishia wapi, simama mbele yao uwaambie waulize swali lolote. Wa kwanza alitaka kujua kama nilikuwepo wakati wa Wajerumani. Nikasema hapana. Akaziangalia mvi zangu, akakaa bila kuridhika. Mwingine akauliza yule msichana alikuwa anapiga mswaki kwa dawa gani. Mwingine akauliza kwa nini nimeandika kwamba siku moja alikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na nilijuaje kama haukuwa ugali. Nikaeleza kwamba nilisoma maandishi ya zamani, nilikwenda makumbusho ya Wasukuma kule Bujora, nilikaa na wazee, kisha pale ambapo hapakuwa na wa kuniambia, nikakisia.

Hilo neno "nikakisia" ndilo lililoniponza. Msichana mmoja aitwaye Neema, wa dawati la mbele, alisimama.

"Shikamoo mwandishi."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba kuuliza. Ulipodanganya ni ukurasa wa ngapi, ili tuuruke?"

Darasa zima likacheka. Mwalimu wao akafumba macho. Nilifungua mdomo nieleze tofauti ya kutunga na kudanganya, maneno ambayo nimeyasema kwenye semina nyingi mpaka yamenichosha mwenyewe. Ile harufu ikanizuia. Nikavuta kiti, nikakaa, nikawasimulia haya ninayokusimulia na wewe, ila wewe angalau hutanikatiza.

Nyumbani kwetu kulikuwa na bibi wawili. Bibi Milembe alikuwa mama yake baba. Bibi Minza alikuwa mdogo wake wa kuzaliwa, aliyekuja akiwa msichana kumsaidia dada yake kulea, na hakuondoka tena. Walikuwa wanapika togwa. Sufuria lilikuwa moja, kubwa, jeusi mpaka vishikioni. Mmoja akikoroga, mwingine anachekecha unga wa ulezi, na asubuhi wanabeba ndoo pamoja hadi Mwaloni kuwauzia wavuvi na wachuuzi wa samaki. Walibishana juu ya kila kitu, juu ya moto, juu ya maji, juu ya mtu aliyepita barabarani kama alikuwa fulani au ndugu yake. Sisi tuliuzoea ubishi ule kama redio ya jirani.

"Togwa ilikuwa na sukari?" mtoto mmoja akauliza.

Nikamwambia haikuwa na sukari. Akasema basi haikuwa tamu. Nikaendelea.

Mwalimu wetu, Mwalimu Koku, alitupa kazi. Kila mmoja amuulize mzee wa nyumbani kwake jambo la zamani lililotokea hapa Mwanza, aliandike kama alivyoambiwa, aje alisome darasani. Habari itakayopendeza kuliko zote itasomwa siku ya wazazi. Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyotaka viatu vipya, na nilijua kabisa nitauliza nini. Kila iliponyesha mvua kubwa, wakubwa walitaja ule mwaka ziwa lilipopanda likaingia kwenye nyumba za bondeni, baba yangu akiwa bado ananyonya.

Nilimkuta Bibi Milembe kwenye mkeka, anachambua ulezi.

"Maji hayakupiga hodi," alisema. "Niliamka kwenda kuwasha moto, nikakanyaga maji. Nikambeba baba yako mgongoni, mdogo wangu akabeba godoro, tukapanda kule kwenye mawe."

Bibi alitamka "godolo", kama alivyotamka kila neno lenye herufi r, nami nikaandika "godolo", maana Mwalimu alisema tuandike kama tulivyoambiwa.

Bibi Minza akatokeza mlango wa jikoni na mwiko mkononi.

"Godoro? Nani alibeba godoro? Dada, muogope Mungu. Doto, baba yake huyu, nilimbeba mimi."

"Ungembebaje, na wewe ulikuwa bado binti mdogo?"

"Binti mdogo, ndiyo. Na mgongo nilikuwa nao. Andika hivyo, mjukuu wangu. Doto alibebwa na Bibi Minza."

Nikafuta, nikaandika. Bibi Milembe akaniambia aliyemzaa ni yeye, kwa hiyo niandike alivyosema yeye. Nikafuta tena mpaka karatasi ikatoboka. Kesho yake niliwafuata mmoja mmoja, nikidhani kila mmoja akiwa peke yake atalegeza. Wapi! Mmoja aliapa kwa Mungu, mwingine aliapa kwa kaburi la mama yao, ambaye ni mama mmoja. Wakarudi uani wakaanza upya, mimi katikati na kalamu yangu. Nilichoka nao kiasi kwamba nilisahau ninazungumza na nani.

"Semeni moja basi!" nilipiga kelele. "Baba alikuwa mtoto mmoja! Hawezi kubebwa na migongo miwili!"

Nilitegemea kofi. Halikuja. Bibi Minza aliweka mwiko chini. Bibi Milembe akainuka, akaingia ndani, akaufunga mlango polepole, na ule upole ukanitisha kuliko kama angeubamiza.

Asubuhi iliyofuata, uani kulikuwa na masufuria mawili ya togwa. Majiko mawili, moshi wa pande mbili, na bibi wawili waliopeana mgongo. Walikwenda Mwaloni kwa njia tofauti, wakakaa mbalimbali, na kila mteja akatakiwa kuchagua. Wavuvi, watu wasioogopa mawimbi, walianza kupita njia ya nyuma.

Mimi niliona kazi yangu inaharibika. Nikamwendea baba barazani, kwenye cherehani yake.

"Baba, mwaka wa maji ulibebwa na nani?"

Aliendelea kukanyaga cherehani. "Nilikuwa mchanga, nitajuaje? Andika unavyotaka."

"Siwezi kuandika ninavyotaka. Ni habari ya kweli!"

"Basi andika nililowa."

Hapo Neema alinyoosha mkono tena. "Kwa hiyo ndipo ukadanganya?" Nikamwambia asubiri. Akasema alikuwa anauliza tu.

Mama ndiye aliyenihurumia. Aliniita jikoni, akanisukumia ungo wa mchicha tuchambue pamoja, akaniuliza swali ambalo lilinikera kwa wepesi wake.

"Baba yako anaitwa nani?"

"Doto."

"Na Kulwa yuko wapi?"

Nikabaki na jani mkononi. Kwetu Usukumani hakuna asiyelijua hili: wakizaliwa mapacha, wa kwanza ni Kulwa, anayemfuata ni Doto. Shuleni nilikuwa na rafiki Doto, na Kulwa wake alikaa dawati la nyuma. Lakini jina la baba nilikuwa nimelisikia tangu kuzaliwa, na hata siku moja halikunijia kichwani kwamba lina mwenzake.

"Walikuwa wawili," mama alisema kwa sauti ya chini. "Kila mmoja wa bibi zako alibeba mtoto. Kulikuwa hakujapambazuka vizuri, mvua inapiga, na watoto wenyewe wanafanana kama maharage. Walishinda juu ya mawe wamelowa. Kulwa akashikwa na kifua. Hakumaliza wiki. Mimi mwenyewe niliambiwa na jirani nilipoolewa hapa. Ndani ya nyumba hii hatajwi."

"Sasa Kulwa alibebwa na nani?"

"Ndilo hilo, mwanangu. Acha kuuliza."

Ningeweza kuandika habari nyingine. Jirani yetu alikuwa na kisa cha kiboko kilichomfurahisha kila mtu. Lakini siku ya kusoma ilikuwa kesho yake, na kuchoka kwangu kulikuwa kumegeuka ukaidi. Nilikaa kwenye kizingiti mchana wote nikaandika. Jioni Bibi Milembe, akiwa anakoroga sufuria lake, aliniambia bila kunitazama, "Haya, soma. Umeandika uongo wa nani?"

Nikasimama katikati ya mioto miwili, nikasoma.

"Maji yalipoingia, bibi zangu walitoka na watoto wote wawili, Kulwa na Doto, godolo wakaliacha. Njia ya kwenye mawe inateleza. Mmoja alipochoka, mwingine alimpokea, wakawa wanabadilishana watoto mpaka juu. Kulwa alibebwa na wote wawili. Doto alibebwa na wote wawili. Walikuwa wamefunikwa kanga ya Bibi Milembe."

Hakuna aliyeniambia kwamba walibadilishana. Nilikuwa nimeyatoa kichwani mwangu. Nilisimama na karatasi yangu, nasikia togwa inachemka na kumwagika kwenye moto, na hakuna aliyeigusa.

"Haikuwa kanga," Bibi Minza alisema mwishowe. "Lilikuwa shuka."

"La kaki," Bibi Milembe akasema.

"Lilikuwa zito."

"Lililowa, ndiyo maana likawa zito."

Kisha Bibi Milembe akasema, kama mtu anayezungumza na sufuria, "Kulwa alipenda kuvuta nywele."

"Zangu."

"Na zangu pia, Minza."

Bibi Minza alianza kucheka, na kicheko kikamshinda katikati, akajifunika uso kwa upande wa kitenge. Dada yake aliacha kukoroga, akavuka uani, akakaa karibu naye kwenye gogo. Mimi nikaangalia karatasi yangu.

"Nifute kanga?" niliuliza.

"Futa," Bibi Milembe alisema. "Andika shuka."

"Na hayo mengine?"

Akamtazama mdogo wake. "Hayo mengine yaache."

Mwalimu Koku alikata "godolo" kwa wino mwekundu, akaniuliza kwa nini watu wabadilishane watoto kwenye mvua badala ya kukimbia, na siku ya wazazi kikasomwa kisa cha kiboko, ambacho mpaka leo naamini hakikutokea. Nyumbani masufuria mawili yaliendelea kwa siku kadhaa, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuzima moto wake, mpaka moja likapata tundu ambalo hakuna aliyelichunguza sana.

Nilipomaliza kuwasimulia watoto wa Kiseke, Neema alikuwa amekunja uso.

"Kwa hiyo shuka ni la kweli, kubadilishana ndiko ulikotunga."

"Ndiyo."

"Na wao walijua. Mbona hawakukukataza?"

Nikavuta pumzi nimjibu. Kengele ya uji ikagongwa. Waliondoka wote kwa pamoja, madawati yanalia, na yeye mbele yao, kikombe mkononi. Ndivyo walivyo, wanakuchimba mpaka kwenye mfupa kisha wanakwenda kunywa uji.

Lakini jibu sikuwa nalo hata mimi nilipokuwa na umri wake. Niliamini bibi zangu walikuwa wanagombea sifa ya kumwokoa baba, na kwamba mimi, kwa akili zangu nyingi, nimewagawia sifa hiyo nusu kwa nusu. Nilitembea na majivuno hayo miaka mingi. Kisha mwanangu wa kwanza akaugua kifua. Nilikaa naye wodini nikijiuliza ni siku gani nilimfunika vibaya, ni dirisha gani sikulifunga. Daktari aliniambia si kosa langu, akarudia, na maneno yake hayakuingia. Pale kando ya kitanda ndipo nilipowaona upya wale wanawake wawili uani kwetu. Hawakuwa wanamgombea Doto. Kila mmoja alikuwa anaukimbia mgongo wake mwenyewe. Waliishi nyumba moja na kula sahani moja, kila mmoja akiomba moyoni kwamba aliyempandisha Kulwa kwenye mvua ile awe mwenzake, na kila mmoja akimpenda mwenzake mno hata asiweze kulisema ombi hilo.

Mtoto mwenye hasira ya kazi ya shule akawaambia kwamba hakuna aliyembeba peke yake. Walijua wazi nimetunga. Wao ndio waliokuwepo. Ila tangu jioni ile, Bibi Minza alipousimulia mwaka wa maji, hakusema tena "tulimpandisha mtoto". Alisema "watoto", na Bibi Milembe, aliyembishia maisha yake yote, hakumsahihisha.