Kocha Mreno amenivisha filimbi, na simwamini

Wasee, kuna Mreno huku ughaibuni, hapa mtaani Rexdale, anataka kunimaliza kisoka, na anafanya hivyo akitabasamu.

Ni kocha wetu mpya. Ati alicheza ligi kuu kwao Ureno, kisha akageuka kocha. Sawa. Lakini tangu aje hajagusa mpira hata kwa kidole cha mguu.

Mimi nimecheza Nakuru, nikacheza Doha. Mchezaji namjua kwa kutembea tu. Huyu anatembea kama mtu wa bima.

Leo mazoezini akaniita kando. Jumamosi tunacheza na timu ya Malton, na nimeshaalika kanisa zima, pamoja na wanangu ambao hawajawahi kuniona uwanjani. Nikajua tu, ni ukapteni huu.

Akanivisha filimbi shingoni.

"Unapanga wenzako kwa mdomo vizuri kuliko unavyokimbia," akasema. "Mimi pia nilivishwa hivi goti lilipokataa. Nililia wiki nzima. Jumamosi utasimama na mimi pale kando, kocha msaidizi."

Jameni, goti langu lina shida gani? Nani amemwambia?

Nikamtazama Dieudonné, beki wetu Mkongo. Akainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa tayari.

"Dieudo, ni wewe?"

"Mukubwa, unachechemea tangu Pasaka. Siye wote tunaona. Tulimwomba asikuache nje ya timu."

Sasa niambieni ukweli: nimepandishwa cheo au nimestaafishwa?

Ila mje tu Jumamosi. Mtanisikia kabla hamjaniona.