Abiria wa Kiti cha Kushoto

Mimi si mtu wa hadithi. Nimefanya ufundi wa magari hapa Sultan Hamud tangu sijaota ndevu, na ukiniletea habari za majini nitakwambia kwanza tuangalie plagi. Kwa hivyo hiki ninachokusimulia ukikubali ukikatae ni hiari yako, lakini kilitokea, tena saa saba mchana, jua likiwaka, na mimi nikiwa na akili zangu timamu. Mzimu gani hutoka saa saba mchana kwenye barabara ya Mombasa? Hata mimi nilijiuliza hivyo.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati magari madogo ya Kijapani yenye kompyuta ya injini yalipoanza kuzeeka mikononi mwetu. Mafundi wengi waliyaogopa. Kabureta waliijua kwa kuipapasa tu, lakini ukiwaonyesha kisanduku cha bati kilichojaa nyaya, wanakumbuka wana matanga kijijini. Mimi sikuogopa. Nilikuwa nimejifunza kuunganisha waya mfupi chini ya boneti, taa ya injini ikonyeze, nami nihesabu mikonyezo nijue ugonjwa uko wapi. Watu walitoka Emali, hata Kibwezi, kuja kuniona nikihesabu. Sijivuni, nasema ukweli. Haya basi, najivuna kidogo.

Siku moja akaja Kioko, kijana mwenye duka la mbegu na majembe kule Kambu. Gari lake lilikuwa likizima njiani likipata joto, kisha likishapoa linawaka kama halijakosea mtu. Mafundi wengine walishambadilishia pampu ya petroli, koili na nyaya za plagi, na bado. Mke wake alikuwa na mimba ya miezi tisa na hospitali haikuwa karibu. Lakini uso wa Kioko ulikuwa na jambo lingine, na hakukawia kulisema.

Gari lilikuwa la marehemu baba yake, Mzee Mutiso, mzee wa kanisa. Mwaka uliotangulia lilitumbukia naye korongoni karibu na Kambu, kwenye kona ambayo hata mtoto wa baiskeli angeipita. Mchana kweupe, barabara kavu, tairi zote nzima. Watu wakasema, huyu alirudia kaluvu, pombe ya kienyeji aliyoiacha alipookoka. Kanisa likamzika harakaharaka na kwaya haikuimba. Gari likanyooshwa bodi, likarudi barabarani.

Sasa, sisi Wakamba, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake. Hilo halina mjadala. Kioko akanitazama akasema, "Fundi, akizaliwa kijana, hatabeba jina la mlevi. Nimeshaambia kila mtu nyumbani."

Nikanyoosha mkono nipewe funguo. Mimi niliulizwa habari za gari. Akaniachia funguo, akapanda matatu kurudi kwa mke wake.

Nilihesabu mikonyezo, sikupata kosa lolote. Gari linalozima likiwa na joto halitakuonyesha ugonjwa likiwa limetulia kivulini, kwa hivyo kesho yake nikaliendesha kuelekea Kambu, peke yangu, madirisha yamefungwa ili lichemke vizuri. Lilikwenda safi mpaka nikaanza kujilaumu. Kisha, penye kona ile ile, likakata. Hakuna kukohoa, hakuna kutetemeka, kama mtu amezima swichi. Usukani ukawa mzito ghafla, breki zikawa ngumu, nami nikapambana nalo mpaka likasimama kando, hatua chache kutoka korongo. Niamini, jasho lililonitoka halikuwa la jua.

Nikashuka, nikafungua boneti. Nilipoinua kichwa, mzee mmoja alikuwa amesimama upande wa pili wa gari, amevaa koti zito la kijivu kwenye joto lile. Nikamsalimia kwa heshima kama inavyotakiwa, akaitikia.

"Wote wanafungua hapo tu," akasema.

"Mzee, hii kazi niachie mimi."

"Nimewaachia mwaka mzima."

Nikamcheka kimoyomoyo. Ni nani hajakutana na mpita njia anayejua magari kuliko fundi? Akafungua mlango wa kushoto, akaketi kama mtu aliyezoea kiti kile, akavuta mkanda. Nikausikia ukifunga, klik. Nikaona anataka kubebwa tu hadi Kambu, nikarudi kwenye usukani, nikawasha. Injini ikakubali. Mzee akanyoosha kidole, akagonga kipande cha plastiki kilicho mbele ya magoti yake, mara moja, taratibu. Injini ikazima.

Kicheko kikaniisha. Nikawasha tena, akagonga tena, ikazima tena.

"Usukani ulikuwa mzito?" akaniuliza.

"Mzito sana, mzee."

"Umeona sasa? Na wewe una mikono ya kijana. Mwambie asa mimi sikulewa. Sikulala. Mwambie hivyo hivyo."

Kwetu baba humwita mwanawe "asa", yaani baba, ikiwa amempa jina la baba yake mwenyewe. Nilitaka kumuuliza asa yupi, lakini macho yangu yalikuwa kwenye ile plastiki. Nikainama, nikaing'oa, nikakiona kisanduku cha kompyuta kimejificha nyuma yake. Nikainuka nimwambie, mzee, umepata.

Kiti kilikuwa kitupu. Mlango haukuwa umefunguliwa. Mkanda ulikuwa umefungwa, umevutwa mbele ya kiti, umejaa kama umezunguka tumbo la mtu. Nikaugusa na ukanywea mkononi mwangu.

Sikumbuki nilivyofika Sultan Hamud.

Nilipokifungua kisanduku mezani kilinuka kama samaki wa omena waliolala. Vile vidumu vidogo vinavyohifadhi umeme vilikuwa vimevuja, maji yake yamekula bodi ya ndani, kile kibao kinachobeba umeme wa kompyuta, mpaka imeota ukijani. Bodi namna hiyo, ikipata joto, humwachia dereva gari bila injini, popote alipo. Nikatafuta kompyuta nyingine, inayolingana namba kwa namba na ile ya zamani, kwa sababu yenye namba tofauti hata herufi moja itakuharibia injini. Nikaipata Nairobi. Nikaifunga, nikagonga kwa mpini wa bisibisi mpaka vidole vikauma, nikapita kona ile mara nne. Gari halikuzima.

Na sasa nikwambie aibu yangu. Kioko alipokuja kulichukua, nilimweleza ugonjwa wote, nikamwonyesha na uoza. Akanishika mikono miwili akasema hajaona fundi kama mimi. Nikakubali sifa. Ningesemaje? Mimi pia nimeokoka, nina jina mjini, nimwambie gari lilipimwa na marehemu? Akaniambia mke wake amejifungua kijana, na kesho watu wanakuja apewe jina la babu yake wa upande wa mama. Nikampa hongera. Akawasha gari, akaenda.

Nikarudi kwenye kazi. Gari la kwanza nililoingia, klik. Hakukuwa na mtu. Nikahamia pickup ya mfugaji mmoja, ya zamani, isiyo na mikanda kabisa. Klik. Nikaweka spana chini.

Asubuhi yake nilishuka Kambu na kile kisanduku kibovu ndani ya gunia. Watu walikuwa wameshakaa uani. Nikamwita Kioko kando, nikamwambia yote: koti la kijivu, kidole, usukani. Hasira ikampanda. Akasema nimekuja kumchezea mbele ya wageni.

"Alisema niseme hivi," nikamwambia. "Mwambie asa mimi sikulewa. Sikulala."

Hakuna mwingine aliyemwita Kioko asa ila baba yake. Akachukua kisanduku, akakinusa, akapitisha kidole juu ya ule ukijani. Akaniuliza, "Ulipokuwa kwenye kona, wewe ulikuwa umekunywa?"

"Sijawahi kunywa."

"Na lilikupeleka korongoni?"

"Kidogo tu linipeleke."

Akalia pale pale, mtu mzima, mbele ya wakwe zake, akisema, "Nilimzika kama mbwa." Kisha akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na mtoto, akaniwekea kwenye mikono yangu iliyonuka grisi, akawageukia watu. "Huyu ni Mutiso," akasema.

Tangu siku ile klik sijaisikia. Lakini nimebadilika. Ninapoletewa gari lililoua, siku hizi siruhusu mtu aniambie dereva alikuwaje kabla sijafungua kila kifuniko, na wako mafundi wanaonicheka kwa hilo. Wacheke. Nawe unayenisikiliza, utapita siku moja mahali gari limeanguka, na mtu kando yako atasema alilewa huyo. Nakuomba usiitikie. Mimi nimeketi na mmoja wa hao wanaosemwa, bega kwa bega, na alichokuwa akikitaka ni mwanawe tu aamini.