Siku Nilipojipima kwenye Mizani ya Dagaa

Aibu hii nimeinyamazia miaka na miaka, lakini nyie mmenibembeleza, basi haya, chekeni mmalize. Ni enzi za Mwingereza, tunakaa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, nina mimba ya kwanza na mwili umenifumuka (mama mkwe alinishindilia ugali na samaki wa migebuka wa chumvi asubuhi na jioni, "Kula, mwali, kuna mwenzio ndani," nami kukataa chakula sikujua, hata sasa si mnaniona). Sista wa zahanati ya misheni akinipima uzito anatikisa kichwa, mwisho akasema, "Ukija tena umezidi, hurudi nyumbani, unalala hapa mpaka uzae." Hofu ikanishika, maana jirani yetu Mama Kalista alivimba hivyohivyo, akalazwa palepale, akarudi kazungushiwa mkeka, yeye na mtoto wake.

Basi nikaamua nijipime kwanza mwenyewe, nikiona nimezidi nisiende. Mizani nyingine ilikuwa ufukweni kwa Mzee Saidi, mnunuzi wa dagaa, ile ya kuning'iniza kwenye tawi la mti.

"Binti yangu, hii ni ya magunia," akasema.

"Na mimi ni gunia, nipime."

Nikakaa ndani ya gunia, wavuvi wakaninyanyua wakaniweka kwenye ndoano, mshale ukakimbia mpaka mwisho, tawi likalia, likakatika, nikaangukia dagaa walioanikwa.

"Leo Saidi kanunua kiboko," mmoja akasema, ufukwe mzima ukacheka, nami nilitaka kucheka nao ila tumboni nikasikia kimya.

"Msicheke," nikasema. "Mtoto hachezi."

Wakanibeba kwa machela mpaka kulekule nilikokukimbia, dagaa wamenigandia mpaka kwenye nywele. Sista akanibonyeza mguu kwa kidole, shimo likabaki kama kwenye udongo mbichi.

"Huku si kunenepa tu, mama, ni maji. Ndiyo maana nilitaka ulale nikuangalie."

Akaweka bomba lake tumboni, akasikiliza, akalihamisha, akasikiliza tena, mimi nikimwona Mama Kalista na mkeka wake.

"Yupo," akasema.

Nililala pale, chumvi marufuku, mama mkwe akileta mboga za majani huku amenuna, mpaka akazaliwa baba yenu. Mimba zote zilizofuata sikusubiri kuitwa, Sista akifungua mlango ananikuta nimeshasimama juu ya mizani yake.