Aingia baharini na mtungi mgongoni kuchagua boti

Saa tatu asubuhi, maji yakiwa yameanza kujaa, mwanamke mmoja anaingia baharini kinyumenyume. Mgongoni ana mtungi wa hewa, kiunoni mkanda wa vyuma vya kumzamisha, na miguuni mapezi marefu ya mpira ambayo hayamruhusu kwenda mbele bila kujikwaa. Anarudi nyuma taratibu, kama gari linalotafuta maegesho.

Muuzaji wa boti amesimama mchangani, suruali ameikunja, viatu vyake vyeupe vinaning'inia vidoleni. Anamtazama mteja wake akizidi kwenda na haelewi kitu. Wateja aliowazoea huizunguka boti, huigonga ubavuni, huuliza mwendo wake, kisha huanza kuvutana bei. Huyu hajauliza mwendo. Ameomba tu boti mbili za mpira zitiwe nanga pale maji yanapomfika mtu shingoni, halafu akaenda kuvaa.

"Wewe umenionyesha boti kutoka juu," anamwambia kabla ya kukiweka kipumulio mdomoni. "Wateja wangu huiona kutoka chini, tena wakiwa wamechoka. Acha nami niione hivyo."

Hapa ufukweni anajulikana kama Mama Mitungi. Ana miaka arobaini na minne, watoto wawili, mume ambaye ni fundi wa majokofu, na kazi ambayo majirani zake hawajamaliza kuishangaa: huwapeleka watu chini ya bahari na kuwarudisha salama.

Kazi hiyo aliingia kwa mlango wa nyuma. Miaka kumi na saba iliyopita duka moja la vifaa vya kuzamia lilimwajiri kufua suti za mpira zilizorudi na chumvi, kuzianika kivulini na kujaza mitungi hewa. Kwa miaka sita alizisugua suti hizo bila kujua zilikokuwa zinapelekwa. Siku moja mkufunzi wa dukani alikosa mtu wa kuzama naye, na kwa kuwa hakuna anayeruhusiwa kuzama peke yake, akamtania mfuaji aje yeye. Mfuaji akafunga bomba, akafuta mikono, akamwambia twende.

"Nilitazama chini nikaona samaki wanapita chini ya tumbo langu, mamia kwa mamia, nikasahau kuogopa," anasimulia. "Usiku ule nilimhadithia mume wangu mpaka akasinzia. Nikamwamsha, nikaendelea."

Leo ana vyeti vya kuongoza wazamiaji na amezama zaidi ya mara elfu mbili. Alichokosa miaka yote hiyo ni boti yake mwenyewe. Alikodi boti ya mbao iliyoundwa kwa ajili ya uvuvi, na nusu ya alichokipata kila safari kiliishia kwa mwenye boti.

Hilo alilivumilia. Lililomshinda ni ubavu wa boti ile, uliosimama juu ya maji kama ukuta. Mvuvi hana shida nao, kwa sababu haingii majini. Mzamiaji anapoibuka, mikono imelegea na mawimbi yanamsukasuka, ukuta huo humtazama kutoka juu na hauna huruma.

Msimu uliopita walikwenda na mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa miaka sitini na sita aliyejifunza kuzamia baada ya kustaafu. Wenzake wote humwita Mwalimu. Walipoibuka walikuta upepo umepanda. Ngazi ya kuning'iniza ikachomoka kulabu zake Mwalimu akiwa kwenye kipandio cha pili. Akaudaka ukingo wa boti kwa mkono mmoja, wimbi likaiinua boti pamoja naye, na bega likateguka.

Iliwachukua karibu dakika ishirini kumwingiza ndani. Mama Mitungi alimshikilia kifuani huku akipiga mapezi asizame, na juu nahodha akamvuta kwa mshipi wa suti. Nahodha huyo ni wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mwenye mabega mapana aliyeendesha lori la maji kwa miaka mingi kabla ya kuhamia baharini. Mwalimu hakupiga kelele hata mara moja. Mama Mitungi anasema angalau angepiga kelele, lingekuwa jambo jepesi kulisahau.

Alisimamisha safari zote. Alikwenda kwa Mwalimu kumwomba radhi, na Mwalimu akamwambia hana kosa, kosa ni la ngazi. Maneno hayo hayakumtuliza. Jioni hiyo hiyo alimwambia wifi yake kwamba hatapeleka tena mtu kwenye kitu ambacho mtu huyo hawezi kukipanda kwa nguvu zake mwenyewe. Wifi yake akataja akiba aliyokuwa ameiweka tangu aache lori. Mama Mitungi akataja yake, ya miaka minne. Wakaziunganisha.

Kwamba boti iwe ya mpira, hilo halikuwa na ubishi. Tyubu zake za pembeni ni laini, mtu akigongwa haumii, na zimegawanywa ndani kwa vyumba vya hewa, hivyo kimoja kikitoboka vingine huendelea kuelea. Ubishi ulikuwa ni ipi. Kwa miezi mitatu wawili hao waliuliza kila mwenye boti waliyemfahamu, na wasiyemfahamu pia, mpaka baadhi yao wakaanza kutopokea simu.

Hatimaye zikabaki mbili, zote kwenye yadi ya muuzaji mwenye viatu vyeupe.

Ya kwanza ilikuwa mpya, urefu wa mita sita na nusu, na sehemu yake ya chini ilikuwa ngumu, ya faiba. Ilikuwa na kivuli na kiti cha nahodha chenye usukani. Wifi alipokalia kiti hicho yadini, hakutaka kushuka. "Ukinikuta hapa," alimwambia Mama Mitungi, "itabidi uniamkie kwanza." Mama Mitungi naye moyo ulikuwa umeshakwenda. Picha ya boti hiyo aliiweka kwenye simu yake, mahali palipokuwa na picha ya wanawe.

Ya pili ilikuwa na mita tano na ushee, mpira mtupu, sakafu yake vipande vya alumini vinavyounganishwa. Haikuwa na kivuli wala kiti, nahodha hukaa kwenye tyubu na kushika mkono wa injini. Ilishatumika misimu miwili na rangi yake ya kijivu ilikuwa imepauka. Wifi aliiita godoro.

Hata hivyo Mama Mitungi aliikagua kama nyingine. Aliomba ijazwe upepo jioni, akarudi kesho yake kuibonyeza kama bado imekaza. Alipaka maji ya sabuni kwenye kila mshono na kila valvu, akapiga magoti akitafuta mapovu. Kwenye mishono hakukuta kitu. Kwenye valvu moja mapovu madogo yakaanza kuchomoza, na muuzaji akaahidi kuibadilisha. Kisha akauliza kama sasa wanaweza kuzungumza bei. Mama Mitungi akamjibu kwamba bado hajaziona.

Ndiyo maana asubuhi hiyo wamefika ufukweni.

Anaanza na ile kubwa. Anaibuka kando yake, anafungua mkanda wa vyuma na kumpa wifi aliye ndani ya boti, anavua mtungi na kuufunga kwenye pete ya ubavuni. Kisha anapiga mapezi kwa nguvu na kujirusha. Kifua kinafika kwenye tyubu, kinasita, kinateleza kurudi. Sehemu ile ngumu ya chini imeinyanyua tyubu juu ya maji kuliko ilivyoonekana mchangani. Anajaribu tena. Kinarudi tena. Mara ya tatu wifi anamdaka suti na kumvuta kama gunia la unga, na watu waliokusanyika ufukweni wanacheka mpaka wanashikana mabega.

Muuzaji alipaza sauti kwamba hiyo ni shida ndogo, ataongeza ngazi. Mama Mitungi alimjibu akiwa bado amelala kifudifudi kwenye sakafu, akihema.

"Ile ya mbao pia ilikuwa na ngazi," alisema.

Kwenye godoro mambo yalikuwa mengine. Tyubu ilikuwa imekaa chini, karibu na maji. Aliifunga kamba yenye kitanzi ubavuni, akatia mguu, akapiga pezi moja tu, na tumbo likawa juu. Akabiringika ndani. Akashuka, akapanda tena. Akashuka, akapanda mara ya tano, na sasa alikuwa anacheka peke yake kama mtoto aliyegundua mtelezo.

Muuzaji hakutaka kukata tamaa. Aliwakumbusha kwamba kubwa inabeba wazamiaji kumi, na hii, ukihesabu mitungi na nahodha na kiongozi, ni watano tu. Kila safari watawaacha watano nchi kavu. Wifi akamtazama Mama Mitungi. Mipango yao yote waliipanga juu ya kumi.

Hapo ndipo Mwalimu alipoanza kufungua vifungo vya shati.

Alikuwa amefika mapema, akidai anapita tu kunyoosha miguu. Bega lilikuwa limepona na daktari alishamruhusu kuogelea, lakini tangu siku ile hakuwa ameyagusa maji. Mama Mitungi alimwambia si lazima, wala hakuna aliyemtaka afanye hivyo.

"Miaka thelathini na minne nimewaambia watoto wa watu wajaribu tena," Mwalimu alijibu. "Sasa mimi nitajificha wapi?"

Wakaingia pamoja, yeye bila mtungi, Mama Mitungi ubavuni kwake lakini bila kumshika. Kicheko ufukweni kilikuwa kimekwisha. Mwalimu alikitafuta kitanzi kwa mguu, akakikosa, akakipata. Akauweka mkono mzima juu ya tyubu. Wifi alikuwa ndani ya boti, mikono imeshatangulia mbele kumpokea, na Mama Mitungi akamkatalia kwa kichwa. Mwalimu akasukuma mguu. Kifua kikapanda, likafuata tumbo, na mzee mzima akabiringika hadi katikati ya boti, miguu juu.

Alikaa. Akashika bega lake, akalizungusha kidogo, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa.

"Jumamosi kuna nafasi?" aliuliza.

Mama Mitungi anasema hakumbuki alichomjibu. Anachokumbuka ni kwamba alirusha mapezi yake hewani, moja likapotea, na mpaka leo halijaonekana. Watu mchangani walipiga makofi. Muuzaji naye alikuwa anapiga makofi, maji yamemfika kiunoni, shati limelowa, na viatu vyeupe vinaelea nyuma yake bila yeye kujua aliviachia saa ngapi.

Wifi alikitupia jicho kiti chenye usukani kwa mara ya mwisho. Kisha akamuuliza Mama Mitungi kwenye godoro yeye atakaa wapi. Alipoambiwa ni kwenye tyubu, alisema basi atanunua mto.

Wakaichukua ile ndogo. Muuzaji alibadilisha valvu kama alivyoahidi, akaongeza pampu ya mguu bila kuombwa. Alisema amejifunza jambo, na kuanzia sasa atawashusha wateja wote majini.

Hofu ya kuwaacha watu watano nchi kavu ilijibiwa ndani ya wiki mbili za kwanza. Boti ya mbao ilihitaji wanaume wanane kuisukuma na maji mengi ili ielee. Hii ina magurudumu mawili nyuma, watu wanne wanaishusha kwa robo saa. Badala ya safari moja asubuhi wanafanya mbili, na ya pili hurudi kabla watu hawajala chakula cha mchana.

Kikubwa zaidi ni mahali wanapofika. Kuna mwanya mwembamba kwenye mwamba ambao kwa miaka yote Mama Mitungi alikuwa anauona kwa mbali tu, kwa sababu boti ya mbao ingekwama. Jumamosi ya kwanza wifi alipunguza mwendo, akainyanyua injini kidogo, na godoro likapita likiteleza. Nyuma ya mwanya kulikuwa na bustani ya matumbawe ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona, rangi juu ya rangi, na maji yametulia kama ya kwenye beseni.

"Miaka kumi na moja nazama hapa," anasema Mama Mitungi, na sauti inampanda anapolisimulia hilo, "kumbe nilikuwa nimekaa sebuleni, nyumba yenyewe sijaiona." Mwalimu, aliyezama naye siku hiyo, alipoibuka alipanda botini bila kusaidiwa, kisha akaomba arudishwe chini.

Sasa Mama Mitungi ana mpango mwingine, na ameshaanza kuutekeleza. Anataka kufungua darasa la kuzamia kwa wanawake wanaouza samaki sokoni, kila Jumatatu, siku ambayo soko hupumzika. Watakwenda watano watano, bila malipo kwa somo la kwanza. Wifi ameshakubali kuendesha. Wanawake kumi na mmoja wamejiandikisha, wengi wao hawajui hata kuogelea, na masomo yataanzia kwenye maji ya magotini.

"Hawa wamemshika samaki kila siku ya maisha yao," anasema. "Wanajua bei yake, magamba yake, harufu yake. Hawajawahi kumwona akiwa kwake."

Mmoja wao, mama mnene mcheshi aliyepara samaki kwa miaka thelathini, ndiye wa kwanza kwenye orodha. Mama Mitungi anaendelea kumtafutia suti inayomtosha. Wiki iliyopita mama huyo alimvuta kando na kumuuliza kwa sauti ya chini, uso umemkauka kabisa, kama samaki hawatamtambua wakamkimbia.

"Nimemwambia siwezi kumjibia samaki," anasema Mama Mitungi, akikaza kamba ya kitanzi. "Nimemwambia twende, akaulize mwenyewe."