Fundi wa Upepo wa Ipogolo

Pale Ipogolo kuna fundi wa upepo, yule wa maputo yanayobeba lori badala ya springi. Lori likija limelala upande kama mlevi wa ulanzi, anaamuru redio izimwe, anapaka povu la sabuni kwenye viungio, kisha anabandika sikio hadi linaloa. Povu likichemka, upepo unatokea hapo. Gari likipona linaondoka, na hakuna anayerudi kumsalimia tu.

Jana Gwakisa, dereva wa viazi kutoka Mbeya, alimchokoza: "Fundi, unapima au unabusu?" Fundi akacheka kuliko utani ulivyostahili. Akabadili mpira uliochoka, lori likainuka, Gwakisa akapanda, akawasha injini.

"Ngoja kwanza, ndugu yangu! Kuna katundu kengine kanavuja."

Fundi akapaka sabuni upya. Povu likatulia tuli. Yeye anapaka tu, huku anauliza kwao Uyole mvua zikoje, watoto je, hawajambo?

Gwakisa akachungulia lile povu, akamtazama fundi. Akazima injini, akashuka, akakalia tairi la akiba.

"Watoto wazima, kaka. Yule mdogo ndo msumbufu balaa. We tafuta taratibu."